Siku ya Kura kwa Wanyama wa Kamweri

Jumatatu, 2 Agosti 1999

Nimeshtuka. Hata chai sijamaliza.

Mzee Mutahi, mwenye Bustani ya Wanyama ya Kamweri, ametuita ofisini asubuhi, mimi na Peris. Ofisi yenyewe ni stoo ya majani makavu. Akasema wageni hawaji. Akasema mwezi ukiisha hivi anafunga lango, wanyama watachukuliwa na serikali, na shamba atalipanda kahawa. Kahawa! Na wakulima wenyewe wanaing'oa usiku!

Halafu likaja la pili. Bustani ikipona itahitaji meneja mmoja. Atamchagua yule atakayeleta watu. Mwingine atafute njia ya kwao.

Kwetu ni Kiriaini. Kiriaini kuna majani chai, na kwenye majani chai kuna kaka yangu Kingori, aliyeapa mbele ya mama kwamba siku nitakayorudi ataniamsha saa kumi na moja na kunipeleka shambani kama ng'ombe. Heri nilale na fisi. Fisi wetu angalau hana maneno.

Peris huuza tiketi, hulisha wanyama na kufagia vizimba. Mimi ni Afisa wa Habari. Cheo nilijipa mwenyewe na hakuna aliyepinga. Ninaandika vibao na kutembeza wageni. Peris akauliza mbele ya Mzee, ati wageni gani?

Hapo hapo nikapata wazo. Websaiti! Tunayo! Ilitengenezwa na Mdachi mmoja wa kujitolea mwaka wa 1996, akarudi kwao kuoa, na tangu hapo hakuna aliyeigusa. Nikamwambia Mzee dunia nzima inaingia kwenye intaneti na sisi tumelala. Akauliza intaneti iko upande gani wa Karatina. Nikamwambia iko kila upande. Akageuka kutazama nyuma yake. Nikajua nimemshika.


Jumatano, 4 Agosti

Nimeenda mjini kwa Magdaline, mwenye duka la simu, faksi na fotokopi. Ana pia kompyuta moja. Ameifunika kitambaa cha kufuma, cha maua, na huwa anakivua taratibu kama mtu anayemvua mtoto kofia kanisani.

Websaiti yetu ikaanza kufunguka, kutoka juu kwenda chini. Likaja jina. Kikaja kibao chekundu kinachowaka na kuzima, kikisema ukurasa huu bado unajengwa. Unajengwa tangu 1996! Hata kanisa letu la Gatitu lilijengwa upesi zaidi, na mweka hazina alitoroka. Kikatokea kichwa cha simba. Tukangoja mwili. Simba mwenda pole ndiye mla nyama, lakini huyu alizidi. Simu ikakatika.

Tukaanza upya. Afadhali tusingeanza.

Kwa mujibu wa websaiti tuna simba wawili. Simba walihamishwa zamani, kizimba chao kimebaki na kibao tu. Tuna chui anayeitwa Valentine, ambaye nilimzika kwa mikono yangu. Tuna twiga! Hatujawahi kuwa na twiga. Nadhani Mdachi alimwona akiwa njiani kwenda Nanyuki. Maelekezo yanasema mgeni apinde kushoto kwenye mti mkubwa. Mti ulishakuwa makaa.

Na chini kabisa, picha ya wafanyakazi. Peris katikati, anacheka. Pembeni, bega. Bega tu! Nilisogea karibu na kioo. Lile koti ni langu. Miaka yote hii, dunia nzima ikitazama, mimi ni bega!

Magdaline aliniletea maji na kiti.


Ijumaa, 6 Agosti

Mambo yanaenda. Mzee amepata msichana Nairobi, anaitwa Lavender, binti wa mtu aliyefanya naye kazi reli. Amesomea kompyuta. Atatutengenezea websaiti mpya akiwa huko huko. Picha nimezituma kwa basi. Yangu nimeweka juu.

Lakini websaiti peke yake haileti mtu langoni. Ndiyo maana mimi ni Afisa wa Habari na wengine ni wengine. Nimebuni jambo. Siku ya kura! Watu waje Jumamosi tarehe 14, watazame wanyama, kisha kila mtu ampigie kura mnyama anayempenda. Mshindi anawekwa mbele kwenye websaiti. Wakenya ukiwaambia kura wanakuja hata kama mvua inanyesha. Kiingilio langoni ni kile kile, kura ni bure. Mzee alicheka mpaka akakohoa. Amekubali.

Peris alisema kobe atashinda kwa sababu watoto wanampenda. Kobe! Mgombea wangu ni Nyawira, mbuni. Ana shingo ya uongozi. Tena nimeshapaka rangi kibao cha ushindi wake, na rangi si ya kumwaga. Nimetengeneza sanduku la kura na nimeanza kulijaza mapema, ili shughuli isichelewe.


Jumatatu, 9 Agosti

Leo nimemsomea Lavender maneno ya websaiti kwa simu ya Magdaline. Simu inakoroma. Yule msichana ana shida.

Mimi Kiswahili nilipata alama nzuri, mwalimu alinisifu mbele ya darasa. Lakini Lavender kila mara alinikatiza. Nikisema fisi amelala, ananiuliza ni kurara au kulala. Nikisema pundamilia, ananiuliza ni pundamiria wa aina gani. Mwishowe akacheka, akaniambia: "Uncle, nyinyi watu wa Nyeri L yenu iko wapi? Mliuza?"

Nilikasirika. Simu ya watu inakula pesa na mtoto wa juzi ananifundisha matamshi! Nikamwambia yeye ni msichana amesoma, asiniulize ulize tena, akisikia R na haielewi atumie akili. Akasema sawa, ameelewa, atarekebisha mwenyewe. Baada ya hapo tukaenda vizuri sana. Hata sehemu ya kura hakuuliza neno. Nilimsomea hivi:

Jumamosi tarehe 14 ni siku ya kura. Njoo Kamweri na jamaa yako yote. Tembea, tazama, chagua mnyama umpendaye. Mtu mmoja, mnyama mmoja. Wazee, akina mama na watoto, wote wana haki ya kura. Kura ni bure.

Nikamsikia anapiga mluzi kule Nairobi. Akasema, "Haiya! Hii watu watakuja." Kumbe ana akili, ni vile tu hakulelewa Nyeri.


Alhamisi, 12 Agosti

Imefika! Lavender ametuma ukurasa wote kwa faksi, vile ulivyo kwenye kompyuta. Magdaline aliponipa nilipigwa na butwaa. Ni mimi! Pale juu, uso mzima, na mabega yote mawili, na chini yake: Gicheru, Afisa wa Habari. Niliitazama hiyo picha kutoka kaunta hadi mlangoni na kurudi. Faksi imenifanya mweusi kidogo kuliko nilivyo lakini heshima imebaki. Kuna maandishi chini. Maandishi nayajua, ni yangu.

Nikapiga fotokopi rundo zima. Nimebandika Gatitu kwenye posho mill, kinu cha kusaga mahindi, nikashuka Sagana, nikapanda hadi Kiriaini. Peris aliomba moja asome. Sikumpa. Ataona Jumamosi kama raia wengine.

Sijawahi kuona tangazo likisomwa hivyo! Sagana, mwenye duka la mbolea alisoma, akavaa miwani, akasoma tena. Akaniuliza: "Ati bure?" Nikamwambia bure kabisa. Hata watoto? Hata watoto. Akauliza kama mtu anaweza kuja na chumvi yake. Nikafikiri, huyu ni mtu mwema, anajua wanyama hupenda kulamba chumvi. Nikamwambia alete, wanyama watafurahi. Alinitazama kwa namna fulani.

Kiriaini nilibandika kwenye kituo cha kununulia majani chai, pale Kingori atapita atake asitake. Akapita. Akasoma na midomo. Akanishika mkono! Kaka yangu, ambaye hajanishika mkono tangu nipate kipaimara! Akasema hii ni mara ya kwanza nimefikiria tumbo la mtu mwingine. Sikuelewa tumbo limeingiaje, lakini Kingori hajui kusema moyo. Amesema watakuja wote, na lori.

Jioni nimekuta mbuzi kwenye kizimba cha simba. Ni wa Mzee Mutahi. Jumapili anawapeleka Sagana kwa ruracio, mahari ya msichana anayeolewa na kijana wake, na nyumbani kwake hakuna ua ulio imara. Mbuzi wanono, wameoshwa. Mzee amesema tuwaangalie kama macho yetu. Nimemwambia aondoe wasiwasi. Kibao cha SIMBA bado kipo pale juu, hakuna mwizi atakayesogea.


Jumamosi, 14 Agosti, asubuhi

Foleni! Foleni kutoka langoni hadi barabarani, na bado ukungu haujainuka! Wazee wenye makoti, akina mama, watoto, kwaya ya kanisa, vijana wa jua kali, lori la Kiriaini. Peris anakata tiketi mpaka vidole vimemkauka. Nimepita mbele yake mara kadhaa bila sababu.

Watu wamejiandaa ajabu. Wamebeba sufuria. Wamebeba ugali uliofungwa kwa kitambaa, irio, nyanya na vitunguu. Kuna jamaa ana gunia la makaa. Nimependa. Watu wetu wamejifunza kukaa kwenye nyasi na kula kama Wazungu.

Baba mmoja ana panga. Labda ametoka shamba.

Naandika hii upesi upesi nikiwa nyuma ya stoo. Meneja Gicheru! Naenda kufungua sanduku la kura.


Jumamosi, 14 Agosti, jioni

Sijui nianzie wapi.

Nilisimama kwenye jiwe karibu na kizimba cha mbuni, nikawakaribisha. Nikasema wachague kwa makini, wasikimbilie mnyama mkubwa kwa sababu tu ni mkubwa. Wakanipigia makofi. Nikasema mimi binafsi ningependekeza Nyawira. Mama mmoja, anaitwa Watiri, mtu mzima mwenye kiondo, akauliza kama Nyawira anatosha watu wangapi.

Nikasema kwa shingo ile, anatosha wilaya nzima.

Akasema yeye na mume wake watachukua paja moja tu, hawana meno ya shingo.

Nilicheka. Nikadhani ni utani wa wazee. Hakuna mwingine aliyecheka. Nyuma yangu jamaa mmoja alikuwa tayari anavua shati, anauliza maji ya moto yako wapi, maana ndege hanyonyoki bila maji moto. Pale kwa pundamilia kwaya ilikuwa inabishana juu ya maini. Mzee wa kanisa alitaka kujua kama kuna mtu ataomba kabla ya kuchinja. Na makaa! Makaa yalikuwa yameshawashwa! Yamewashwa kwa sanduku langu la kura!

Nikawauliza wana wazimu? Watiri akatoa karatasi kwenye kiondo, akanipa na heshima zote. Tangazo langu. Nikasoma kwa mara ya kwanza, chini ya picha yangu.

Jumamosi tarehe 14 ni siku ya kula. Njoo Kamweri na jamaa yako yote. Tembea, tazama, chagua mnyama umpendaye. Mtu mmoja, mnyama mmoja. Wazee, akina mama na watoto, wote wana haki ya kula. Kula ni bure.

Uuui!

Nilikaa kwenye jiwe. Lilikuwa na maji, nikakaa tu. Watiri akanipepea na tangazo. Akaniambia kwa upole kwamba yeye mwenyewe alishangaa. Kimila nyama ya pori ni mwiko, na babake hangekubali mtu aliyekula swara aguse hata mlango wa nyumba yake, sembuse punda wa michirizi. "Lakini hii imeandikwa na kompyuta. Mimi ni nani nikatae maneno ya kompyuta? Na ni bure."

Nikapanda tena kwenye jiwe. Nikaeleza ni kura, si kula. Watu wakasikiliza kwa subira. Mtu mmoja akasema, ndiyo, kura, ndiyo tumekuja kura. Mwingine akasema ni hivyo, kula. Nikasema hapana, KURA! Wakajibu wote pamoja, KURA! Wakainua visu.

Kingori alikuja mbele na watu wake wa majani chai. Akasema wameacha kazi ya siku, wamelipa tiketi, wamepanda lori kwenye baridi, na hawarudi Kiriaini na sufuria safi. Akaongeza kwamba kama hakuna nyama ya mnyama, kuna nyama ya Afisa wa Habari. Kaka wa tumbo moja!

Hapo ndipo yule aliyevua shati akafungua kizimba cha Nyawira. Sikumwona mbuni akitoka. Nilihisi upepo tu. Aliruka kamba, akaruka kwaya, akashika barabara ya Gatitu. Umati ukaona paja linaondoka, ukalia kwa uchungu, ukageukia pundamilia. Na mbele ya pundamilia, amesimama Peris na beleshi. Alishika beleshi tu. Watu wakasimama. Lakini walikuwa wengi na yeye ni mmoja, na nyuma yao wengine walikuwa wanasukuma.

Nakiri niliogopa. Nilimwogopea Peris, nikajiogopea zaidi. Mdomo ukafunguka wenyewe. Nikapiga kelele: simba! Nendeni kwa simba! Simba ndio wa leo!

Wakakimbilia kibao. Kisha nikasikia sauti ya Kingori ikisema kwa furaha kubwa kwamba simba wa Nyeri wana pembe.

Sasa nafika pa kulia. Mzee Mutahi alifika saa saba na pikapu yake na wazee wa ukoo, kuchukua mbuzi wa kesho. Lakini alipouona umati alisahau mbuzi. Alisimama langoni, akavua kofia. Nikaona chozi. Akasema hajaona watu wengi hivi hapa Kamweri tangu afungue. Akanishika bega, lile lile la kwenye picha ya zamani. Watu wakamkaribisha mwenye bustani na mbavu mbili kwenye sahani ya bati. Akala. Akasema nyama ni tamu, haijakauka, imetulia. Akauliza ni mnyama gani.

Nikamtazama Peris. Peris akatazama juu.

Nikasema ni simba, Mzee.

Akatafuna kidogo. Akasema lakini simba walihamishwa. Akaacha kutafuna. Akaweka sahani chini kwenye nyasi, pole pole sana, akaenda kizimbani kwa miguu yake. Tukamsikia akiwaita kwa majina. Sikujua walikuwa na majina.


Jumapili, 15 Agosti

Sikwenda kanisani. Naogopa watu walionishukuru.

Mzee alikwenda Sagana hivyo hivyo, na wazee wake na pikapu tupu. Wakwe wakamsikiliza mpaka mwisho. Kisha wakasema mbuzi walioliwa kabla ya kufika hawahesabiwi, hata kama mwenyewe alikula mbavu. Harusi imesogezwa mbele, na kijana wake hazungumzi naye.

Jioni alikuja bustanini. Hakupiga kelele, na hilo lilinitisha zaidi. Akasema lango lilipata pesa nyingi jana kuliko mwaka mzima, kwa hivyo hafungi, na kahawa hapandi. Nikaanza kutabasamu. Akasema meneja ni Peris.

Peris! Nilihisi mtu amenipiga na ule ubao wa SIMBA. Nani alileta watu? Nani uso wake uko kwenye intaneti? Mzee akasema mimi nilileta watu na Peris akawafikisha wanyama jioni wakiwa hai, na yeye ana bustani ya wanyama, si hoteli.

Alitaka nirudi Kiriaini kesho. Ni Peris aliyeniombea. Sitasahau, na sitamsamehe. Akamwambia Mzee kila mtu hukosea, nipewe nafasi ya mwisho: nirekebishe websaiti na tangazo. Mzee akakubali kwa masharti. Sentensi moja tu. Nikikosea hata herufi, anamwita Kingori mwenyewe aje na lori.


Jumatano, 18 Agosti

Nimempigia Lavender. Nilimkaripia mpaka Magdaline akatoka nje. Nikamuuliza nani alimtuma ageuze kura iwe kula.

Akashangaa! Akasema ni mimi! Nilimwambia akisikia R atumie akili, na akili yake ilimwambia mtu wa Nyeri akisema R ni L. Alibadilisha zote. Eti nilisema fisi amerara, akaandika amelala. Nilisema pundamiria, akaandika pundamilia. Basi kura nayo akaipeleka na wenzake. Neno moja nilitamka sawa tangu tuanze, na hilo ndilo alilolirekebisha!

Nimekaa na jambo hili asubuhi yote. Kosa nimelipata. Kosa ni msichana kugusa R yangu. R yangu haina shida na haijawahi kuwa na shida. Mwalimu alinisifu.

Basi nimebuni jambo jipya, na hili ni zito kuliko la kwanza. Harusi! Jumamosi ile nimeona nyasi zetu zinabeba umati bila taabu. Watu wa Nyeri wanafanya harusi kila wiki na kumbi ni ghali. Sisi tuwape nafasi bure, wageni walipe langoni. Mtoto wa Mzee mwenyewe anaweza kuoa hapa, moyo wa baba upoe. Mzee atanikumbatia. Peris atarudi kwenye tiketi zake.

Peris hakuwepo nimwonyeshe. Yuko Gatitu na kamba, mbuni ameonekana nyuma ya posho mill.

Nikampigia Lavender tena, nikamsomea sentensi moja, kama nilivyoagizwa. Nikamwambia safari hii asitumie akili hata kidogo, aandike vile masikio yamesikia. Bustani ya Kamweri inatoa mahari bure kila Jumamosi kwa kila bwana harusi. Akauliza, mahari? Nikamwambia mahari. Akauliza, ile ya R? Nikamwambia ile ya R, na akiigusa nitakuja Nairobi. Akauliza kama Mzee anajua. Nikamwambia mahari ni yake, yeye ndiye mwenye kutoa, na tunayo mahari pazuri, pana kivuli na choo.

Sehemu ya choo nadhani simu ilikoroma. Akasema sawa, Uncle, R imebaki.

Faksi ikaja kabla sijamaliza soda. Nimejifunza, nimeisoma mwenyewe mara tatu, herufi kwa herufi. R yangu ipo, imesimama. Hakuna kosa hata moja. Nimepiga fotokopi rundo kubwa kuliko la kwanza, nikabandika Gatitu na Sagana.


Jumamosi, 21 Agosti

Sikuamini macho yangu! Foleni tena! Ndefu kuliko ya wiki iliyopita, na hii ni ya watu wa maana. Vijana wamevaa suti, wengine wameazima, mikono imepita vidole. Kila mmoja amekuja na baba, wajomba na wazee wa ukoo wenye fimbo. Malori, pikapu, yote yana kamba na majani nyuma. Hakuna hata sufuria moja! Hakuna panga! Nimekagua mwenyewe.

Mabwana harusi wote hawa, na sisi tulikuwa tunangoja wanaokuja kuona kobe!

Peris amesoma tangazo langoni, amekaa chini kwenye ndoo na kufunika uso. Ni wivu. Wakwe wa Mzee kutoka Sagana nao wamefika, wako mbele kabisa, wamesema wamesoma na wamefurahi sana kuona Mzee amepata uwezo hata wa kusaidia watoto wa wengine. Ugomvi umekwisha!

Wazee wananiuliza mbuzi wako wapi. Kila mzee swali ni hilo hilo. Nadhani sifa za nyama ya Jumamosi zimefika mbali.

Nimempigia Mzee Mutahi kwa simu ya jirani. Nimemwambia avae suti, aje mbio aone nilichomfanyia, na kama kuna mbuzi wowote amebakiza nyumbani awapakie, maana watu wanawaulizia.